Taa ya duara, stendi na maiki ya kubana: tathmini ya kifurushi cha kurekodia video kwa simu

Kifurushi hiki kinafahamika hata bila jina. Boksi lina picha ya binti anayetabasamu, na ndani yake mna taa ya duara ya inchi 10, stendi ya miguu mitatu, kibano cha simu kinachokaa katikati ya duara, rimoti ndogo ya Bluetooth, na siku hizi maiki mbili za kubana kwenye nguo pamoja na kipokezi cha kuchomeka kwenye simu. Majina yanayobandikwa juu ya boksi hubadilika kila msimu, ila vilivyomo ndani ni vilevile au karibu vilevile. Tathmini hii ni ya aina hiyo ya kifurushi, si ya chapa moja, na inamlenga mtu anayerekodi video za wima akiongea mwenyewe mbele ya simu: anayefundisha, anayeuza bidhaa, anayechambua mpira.

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Vifaa vinastahili kununuliwa, ila picha iliyo juu ya boksi inafundisha matumizi mabaya. Ukivipanga kama ilivyochorwa, simu katikati ya taa na uso sentimita 40 mbele yake, unapata uso bapa, pua iliyokuzwa, maduara mawili meupe ndani ya miwani na macho yasiyokutana na ya mtazamaji. Itoe simu ndani ya duara, na mengi kati ya hayo yanaisha bila kuongeza kifaa hata kimoja.

Taa

Taa ya inchi 10 hutumia umeme wa USB wa volti 5, na ikiwashwa hadi mwisho hula takriban ampea 2, yaani wati 10. Ukiichomeka kwenye kompyuta au kwenye chaja kuukuu ya ampea 1, itaonyesha ugonjwa ambao si wake: haifiki mwanga wa juu, au inapepesa kila unapobonyeza kuongeza. Badilisha chaja kabla ya kuilaumu taa. Pawabenki ya mAh 10,000 iliyojaa inaiendesha kwa karibu saa tatu ikiwa kwenye mwanga wa juu.

Kuna kupepesa kwa aina nyingine ambako jicho halina habari nako, kamera tu ndiyo inayokuona. Taa nyingi za bei nafuu hupunguza mwanga kwa kujizima na kujiwasha haraka mno, na kadiri unavyoshusha kiwango ndivyo muda wa kuzimika unavyorefuka. Kwenye video hutokea mistari myeusi ya mlalo inayopanda au kushuka taratibu. Kuipima ni rahisi: zima taa nyingine zote, weka kamera kwenye mwendo wa polepole, ielekeze kwenye ukuta mweupe uliomulikwa, kisha shusha mwanga hatua kwa hatua. Mwendo wa polepole hukuza kasoro, kwa hiyo mistari hafifu isikutishe. Lakini ikiwa minene na myeusi kuanzia nusu kushuka chini, taa hiyo iwashe juu daima, na mwanga ukikuzidi isogeze mbali badala ya kuipunguza.

Balbu za chumbani nazo zina mambo yao. Palipo na umeme wa hezi 50 mwanga wake hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Palipo na hezi 60, mara 120. Kwenye programu inayokuruhusu kuchagua kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, kwa sehemu za sekunde), weka 1/50 au 1/100 kwa umeme wa kwanza na 1/60 au 1/120 kwa wa pili, na mistari inaondoka. Blackmagic Camera, programu ya bure iliyoanzia kwenye iPhone mwaka 2023 na kufika kwenye baadhi ya simu za Android mwaka 2024, inatoa udhibiti huo. Asiyetaka kuhangaika na shata azime balbu, afanye kazi na taa yake au dirisha.

Sasa mahali pa kuiweka, kwani hapo ndipo kifurushi kinapopata au kupoteza thamani yake. Mwanga unaotoka kwenye mstari mmoja na lenzi hauachi kivuli upande wowote, na bila kivuli shavu, taya na pua havina umbo. Warembaji wa vipodozi wanaupenda mwanga huo kwa sababu unafuta mikunjo na kuonyesha rangi sawasawa pande zote. Kwa mtu anayeongea, unafuta uso mzima. Sogeza taa pembeni kiasi cha nyuzi 45 kutoka kwenye lenzi, ipandishe hadi sehemu yake ya chini iwe sawa na macho yako, kisha iinamishe ikutazame. Umbali wa sentimita 60 hadi 80 unatosha, alimradi isionekane kwenye fremu. Kipimo cha haraka ni kivuli cha pua: kinatakiwa kielekee pembe ya mdomo upande wa pili na kuishia kabla ya kugusa midomo. Kikivuka midomo, taa iko juu mno. Kikikata shavu kwa mlalo, iko pembeni mno au chini mno.

Usiipeleke mbali kwa kudhani mwanga utatawanyika vizuri zaidi. Kinyume chake ndicho kinachotokea. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika usoni hushuka hadi karibu robo, na duara la inchi 10 likiwa mita moja na nusu kutoka kwako linakuwa nukta ndogo inayotupa vivuli vikali. Taa ndogo ikiwa karibu ni laini. Ikiwa mbali ni kali. Upande usiomulikwa ukiwa na giza mno, egemeza karatasi ngumu nyeupe au tandaza shuka jeupe kwenye mgongo wa kiti kiasi cha nusu mita kutoka shavuni. Mwanga unaorudi kutoka hapo unafanya kazi ya taa ya pili.

Wenye miwani wasiondoe miwani. Panda na taa juu kidogo zaidi, iinamishe zaidi, na shusha kidevu kwa upana wa kidole. Mwako unaondoka kwenye vioo kwa sababu pembe unayorudia haikutani tena na lenzi.

Kwa ngozi nyeusi, lawama nyingi zinazoelekezwa kwa taa ni za upimaji wa simu. Simu inapima fremu nzima. Mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, akiwa na shati jeupe, anaiambia simu kwamba pana mwanga mwingi. Simu inashusha, na uso unapotelea gizani. Ukuta ukiwa mweusi, hupandisha hadi paji la uso liungue. Gusa uso wako kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka alama ya kufunga fokasi na mwangaza itokee, kisha telezesha kidole kushusha kidogo, mpaka sehemu inayong'aa zaidi usoni ibaki na rangi ya ngozi badala ya kuwa nyeupe. Ngozi nyeusi huchorwa zaidi na mng'ao kuliko kivuli, kwa hiyo chanzo cha mwanga kiwe kipana: kitambaa cheupe chepesi kilichotandazwa sentimita 10 mbele ya taa kinatosha, na tishu ya kukausha paji la uso na pua kila baada ya dakika chache inafanya kazi kubwa kuliko kichujio chochote cha programu. Nguo za rangi ya kati, kama kijani cha majani, buluu au udongo, zinampa kamera kazi rahisi. Mistari myembamba iliyobanana haifai, maana hucheza kwenye video.

Kuhusu rangi ya mwanga, taa hizi hutoa tatu: nyeupe ya baridi, ya manjano na mchanganyiko. Chagua ile inayofanana na mwanga mwingine uliopo chumbani, basi. Mchana wenye dirisha unadai nyeupe. Usiku wenye balbu za manjano unadai ya manjano. Kuchanganya ndiko kunakoleta shavu moja la buluu na jingine la machungwa, na hakuna kitelezi cha kuhariri kinachoponya mashavu mawili kwa wakati mmoja. Boksi linaweza kudai CRI 95 (CRI ni kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa usahihi, mwisho wake 100); wewe tazama kiganja na midomo yako kwenye video. Ikiwa midomo imepauka na ngozi ina ukijani au ujivu, taa imepungukiwa na wekundu, na namba ya kwenye boksi haikusaidii.

Na palipo na dirisha kubwa lisilopigwa na jua moja kwa moja, dirisha linaishinda taa hii bila ushindani. Kaa ukilielekea kwa pembe ileile ya nyuzi 45. Hapo taa ibaki kwenye boksi, au imulike ukuta ulio nyuma yako.

Stendi na kibano

Hii ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Matoleo yanayorefuka hadi mita 2.1 husimama vizuri mpaka mita 1.5 hivi, bomba la mwisho, lile jembamba kabisa, huyumba kila mtu anapopita, kwa hiyo lisivutwe isipokuwa hakuna jinsi. Miguu ifunguliwe mpaka vile vyuma vya chini vinavyoiunganisha viwe karibu mlalo. Watu huifungua nusu ili ichukue nafasi ndogo, na ndipo inapoanguka. Mguu mmoja uelekee upande ule ule uzito unakoinamia. Chupa ya maji ya lita 1.5 iliyofungwa kwenye nguzo chini kabisa inaongeza kilo moja na nusu palipohitajika, na haina gharama.

Skrubu za plastiki za kukazia mabomba huvunjika zikikazwa kwa nguvu za mkono wote. Vidole viwili vinatosha. Sehemu ya juu ya stendi ina skrubu ya robo inchi, kipimo kilekile kinachotumiwa na tripodi za kamera, kwa hiyo siku taa ikifa stendi haifi nayo.

Kibano cha simu kina tatizo moja linalojirudia kwenye matoleo mengi: meno yake hukaa pale pale vilipo vitufe vya sauti au cha kuwashia. Simu ikiwa wima, kibano kinabonyeza kitufe, na simu inaingia kwenye hali ya kuzima au inapiga picha mfululizo. Pandisha au shusha simu mpaka meno yaguse sehemu isiyo na kitufe, hata kama haitakuwa katikati kabisa. Pia spirigi yake hulegea kwa simu nzito yenye kava nene. Kwa kuwa tumeshakubaliana simu inatoka kwenye duara, hapa ndipo pesa ya ziada inapotakiwa kwenda: tripodi ya pili ndogo, yenye kibano cha kukaza kwa skrubu, kwa ajili ya simu peke yake. Wasio nayo waegemeze simu kwenye rafu ya vitabu iliyo usawa wa macho. Inafanya kazi vizuri kuliko inavyosikika.

Simu nje ya duara

Kinachoharibu sura si lenzi, ni ukaribu. Pua ikiwa sentimita 40 kutoka kwenye lenzi, masikio yako karibu sentimita 52, na pua inachorwa kubwa kwa takriban asilimia 30 kuliko inavyostahili ikilinganishwa na masikio. Rudi nyuma hadi mita 1.5 na tofauti hiyo inashuka kufikia asilimia 8, ambayo jicho linaizoea. Ukiwa umbali huo utaonekana mdogo kwenye fremu, na kuna njia mbili za kujirudisha. Simu ikiwa na kamera ya 2x inayofanya kazi vizuri, itumie. Isipokuwa nayo, rekodi kwa 4K kisha kata wakati wa kuhariri: video ya wima ya 4K ina pikseli 2160 kwa 3840, na video inayokwenda mitandaoni kwa kawaida ni 1080 kwa 1920, yaani nusu kamili kila upande. Unaweza kuikuza mara mbili bila kupoteza chochote ambacho mtazamaji angekiona.

Tumia kamera ya nyuma. Kihisi chake kwa kawaida ni kikubwa kuliko cha mbele, na kwenye simu nyingi kamera ya mbele haina hata fokasi inayosogea. Futa lenzi kwa kitambaa laini kabla ya kila kipindi. Ule ukungu unaozunguka taa na vitu vyeupe kwenye video nyingi ni mafuta ya vidole tu. Lenzi iwe usawa wa macho. Ikiwa chini, mtazamaji anaona matundu ya pua na dari. Macho yakae kwenye theluthi ya juu ya fremu, na juu ya kichwa kubaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Sehemu ya chini na ukingo wa kulia wa fremu viachwe wazi, maana TikTok, Instagram na YouTube huweka vitufe na maelezo yao huko. Maandishi yako au bidhaa unayoonyesha ikikaa pale itafunikwa. Kaa mita moja na nusu mbele ya ukuta ili kivuli chako kianguke sakafuni, kisikufuate mgongoni.

Maiki

Kama kifurushi kingeuzwa vipande vipande, hiki ndicho kipande cha kununua kwanza. Watu huvumilia picha ya wastani, ila sauti yenye mwangwi wanaipita kabla sentensi ya pili haijaisha.

Ibane katikati ya kifua, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Ikibanwa kwenye ukosi wa upande mmoja, sauti hushuka kila unapogeuza kichwa upande wa pili. Hakikisha mkufu, kitambulisho cha shingoni, ushungi au ndevu haviisugui. Nguo za nailoni hunguruma zenyewe unapojigeuza, pamba haina makelele hayo. Mtindo wa kuishika mkononi karibu na midomo unapendeza kwa macho tu, kwani kila herufi p na b hupuliza hewa ndani yake na kutoa mpigo mzito. Ukilazimika, ishike chini ya kidevu, pembeni mwa njia ya pumzi. Sifongo nyeusi inayokuja nayo inazuia pumzi, haizuii upepo wa nje. Kwa nje unahitaji ile yenye manyoya.

Kitufe cha kupunguza kelele kiache kimezimwa ndani ya nyumba. Kikiwashwa, kinakula mwanzo na mwisho wa maneno na kuipa sauti umajimaji. Kinafaa kwa ngurumo isiyobadilika kama ya feni au jenereta, na hata hapo kuzima feni ni bora. Mwangwi hakiwezi kuuondoa kabisa. Mwangwi unaondolewa na chumba: pazia zito, godoro lililosimamishwa nyuma ya simu, kabati la nguo lililofunguliwa milango. Chumba kitupu chenye sakafu ya vigae ndicho kibaya kuliko vyote hata ukiwa na maiki ya gharama.

Sasa kosa linalopoteza kazi za watu. Kipokezi kimechomekwa, taa yake ya kijani inawaka, mtu anaongea dakika kumi, na simu imerekodi kwa maiki yake yenyewe muda wote. Sababu huwa mojawapo ya mbili. Kava nene ya simu inazuia plagi isiingie hadi mwisho. Inashika kiasi cha kupata umeme na kuwaka, isipitishe sauti. Ivue kava. Au ni simu ya Android ambayo programu yake ya kamera haichagui maiki ya nje yenyewe, mpaka uingie kwenye hali ya kitaalamu au kwenye mipangilio uichague. Jaribio lake linachukua sekunde kumi: anza kurekodi, kwaruza maiki taratibu kwa ukucha, simamisha, sikiliza. Mkwaruzo ukisikika mkubwa na wa karibu, maiki inafanya kazi. Ukisikika kwa mbali au usiposikika, simu inajirekodia yenyewe. Fanya hivyo kila ukichomeka upya, si mara moja kwa wiki.

Ukiwa peke yako, maiki ya pili izimwe kabisa. Vipokezi vingi vya daraja hili huchanganya maiki zote mbili kwenye njia moja, na ile iliyolala mezani inaongeza makelele ya chumba juu ya sauti yako. Kuhusu masafa, boksi huahidi mita 20 na zaidi. Hiyo ni pale maiki na kipokezi vinapoonana. Mawimbi ya 2.4 GHz, yale yale ya Wi-Fi na Bluetooth, hunyonywa na mwili wa binadamu, kwa hiyo ukigeuka na kuipa simu mgongo sauti inaweza kukatika hata kwa mita tano.

Angalia mapema plagi ni ya aina gani. iPhone 5 hadi 14 zina tundu la Lightning, kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023 ni USB-C kama Android. Kipokezi cha aina moja hakibadilishwi kwa adapta yoyote tu ya kuchajia, kwa sababu nyingi hazipitishi sauti.

Rimoti, na kile kisichouzwa kwenye boksi

Rimoti inaonekana kama kichezeo, lakini ndiyo inayokuwezesha kutumia kamera ya nyuma bila kukimbia huku na huko. Kwa simu, rimoti hiyo ni kitufe cha sauti tu. Isipofanya kazi, nenda kwenye mipangilio ya kamera uhakikishe kitufe cha sauti kimepangiwa kurekodi, si kukuza picha. Ikiwa mpya, toa kile kiplastiki kinachozuia betri. Ukiweka simu kwenye hali ya ndege ili isipigiwe katikati ya kurekodi, na unapaswa kufanya hivyo, rudisha Bluetooth baadaye.

Faida kubwa ya kamera ya nyuma ni kwamba hujioni. Kioo kikikuonyesha sura yako, macho yatakwenda huko. Hakuna nidhamu inayoshinda hilo kwa dakika tatu mfululizo. Mtazamaji anaona mtu anayeangalia kidogo chini ya macho yake na hajui kwa nini hamwamini. Anayeng'ang'ania kamera ya mbele abandike karatasi juu ya kioo, aache lenzi tu, na abandike kijiduara chenye rangi kando ya lenzi ili macho yapate pa kukaa.

Usikariri hotuba nzima. Kariri sentensi ya kwanza neno kwa neno, na sentensi ya mwisho. Katikati andika hoja tatu au nne za maneno machache kwa kalamu nene, uzibandike chini tu ya lenzi. Sentensi ya kwanza ibebe jambo lenyewe, salamu na kujitambulisha vinaweza kuja baadaye au visije. Teleprompta ya kwenye simu (programu inayopitisha maandishi kwenye kioo ili uyasome) inafaa kwa maandishi marefu yenye namba, ila ukiwa karibu macho yanaonekana yakitembea kushoto kulia. Punguza upana wa maandishi hadi maneno matatu au manne kwa mstari, yaweke jirani na lenzi, na urudi nyuma mita moja na nusu.

Bonyeza rimoti, ishushe, vuta pumzi, nyamaza sekunde mbili, anza. Ukimaliza, endelea kuitazama lenzi sekunde mbili nyingine. Bila hizo sekunde, kila klipu inaanza na mkono unaorudi na kuisha na jicho linalotafuta kitufe, na mhariri hana pa kukata.

Ongea kama unayemweleza jambo mtu mmoja aliyekaa upande wa pili wa meza. Wengi hupaza sauti kwa sababu simu iko mbali, wakasahau kwamba maiki iko kifuani. Wengine huanza sentensi vizuri na kuimaliza bila pumzi, silabi za mwisho zikazama. Dawa si kupaza sauti, ni kupumua mwisho wa sentensi badala ya katikati, na kuzikata sentensi ndefu mbili mbili. Kaa nusu ya mbele ya kiti, mgongo usiguse; kiti kinachozunguka kitolewe kabisa chumbani. Mikono ianzie usawa wa tumbo. Fremu ya wima ni nyembamba, kwa hiyo ishara zinazokwenda pembeni hukatwa. Zipeleke juu na mbele, kati ya kifua na kidevu.

Ukikosea, usirudi mwanzo. Nyamaza, vuta pumzi, rudia sentensi ile tu. Wakati wa kuhariri ficha mkato kwa kuikuza picha ya klipu ya pili kwa asilimia 15 hadi 20. Chini ya asilimia 10 inaonekana kama kosa.

Mipangilio michache kabla ya kurekodi: fremu 25 au 30 kwa sekunde, na HDR (hali ya kamera ya kupanua tofauti kati ya mwanga na giza) izimwe, kwani baadhi ya programu za kuhariri na majukwaa huigeuza vibaya na uso ukatoka umepauka au umeungua. Nafasi pia ihesabiwe. Kwenye iPhone, dakika moja ya 1080p kwa fremu 30 huchukua karibu MB 60, na ya 4K karibu MB 170.

Nani aache, na cha kukagua kabla ya kulipa

Anayerekodi akitembea nje hana kazi na taa wala stendi. Anunue maiki peke yake. Anayeonyesha mikono mezani, kama fundi au mpishi, atafute stendi yenye mkono wa mlalo, kwa sababu hii haiwezi kuitazama meza kutoka juu. Anayehitaji mwanga wa mwili mzima ataona wati 10 ni chache mno, na duara la inchi 18 la umeme wa ukutani litamfaa zaidi.

Dukani, washa taa kwenye rangi zote tatu uangalie kama kuna vitone vilivyokufa. Simamisha stendi kwa urefu wa mita 1.5, iguse kwa kidole. Chomeka kipokezi kwenye simu yako mwenyewe, kava ikiwa imevaliwa, urekodi kwa maiki zote mbili moja baada ya nyingine na usikilize kwa spika za masikioni. Betri za maiki hizi hazibadilishwi, na zikiachwa tupu kwa miezi hugoma kuchaji, kwa hiyo muulize muuzaji kama maiki moja inauzwa peke yake. Kama haiuzwi, zichaji zote mbili mara moja kwa mwezi hata kama hurekodi.